Hakikujifunza, Kilipewa

Daktari wa upasuaji alichora mstari mweusi chini kidogo ya goti, akafunika kalamu yake, akasema, "Kesho saa nne asubuhi tunakata. Tukikawia zaidi ya hapo, sumu itapanda juu."

Fundi akautazama ule mstari. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani ya kukanyaga, na kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akichora watu chaki mabegani na viunoni. Homa ilikuwa imemkausha midomo lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Daktari, umechora bila kupima kwa futi. Ukikosea hapa, kitambaa chenyewe hakiuzwi dukani."

Muuguzi alicheka, kisha akajuta. Mke wa fundi hakucheka. Mtaani walimwita Mama Kuku, kwa ajili ya kuku wake mia na ushei nyuma ya nyumba, na kwa sauti yake ambayo ukiwa sokoni huna haja ya kuuliza amefika au hajafika. Leo sauti ilikuwa imemwishia. Alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, akikunja pindo la shuka na kulikunjua.

"Huo ndio mguu anaokanyagia," alisema. "Wa kulia. Daktari, huo mguu ndio ulioezeka nyumba yetu."

"Mama, mimi hapa nachagua kati ya mguu na mtu."

Jamani, hapo ungejibu nini? Wiki mbili tu nyuma pasi ya mkaa ilimdondokea fundi mguuni, akalilaani jiko, akaendelea kushona. Mguu ukavimba. Akaletwa hospitali, kidonda kikapimwa, na Jumatatu maabara ikasema dawa hii hapa inaua vijidudu hivi. Akachomwa sindano ya dawa hiyohiyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Leo Ijumaa mguu ulikuwa unanuka hadi mlangoni.


Maabara ilikuwa ng'ambo ya ua wa hospitali, na huko alifanya kazi mkwe wa nyumba ile, mke wa mtoto wao wa pekee, dereva wa malori ambaye wakati huo alikuwa safarini, siku tatu mbali. Mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya mkuu wake, mtu mfupi aliyependa kugonga mihuri kuliko kula, ndiyo maana wote walimwita Bwana Muhuri. Katikati yao, mezani, palikuwa na visahani viwili vya kuoteshea vijidudu.

"Jumatatu umeandika dawa inaua," alisema Bwana Muhuri. "Leo umeandika haiui. Wala si hiyo tu, dawa tano kwa mpigo haziui. Mgonjwa mmoja, kijidudu kimoja, siku nne. Umechanganya sampuli, binti. Andika barua ya kujieleza."

"Sikuchanganya."

"Ni baba mkwe wako. Ulikuwa na mawazo. Mtu yeyote angechanganya. Andika tu."

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa akaingia daktari wa upasuaji mwenyewe, hata glavu hajavua. "Nani aliyesaini haya?" aliuliza, akainua karatasi mbili, moja kila mkono. Wahudumu watatu waliokuwa kwenye hadubini wakainamisha vichwa kama wanafunzi. "Kuna dawa moja ya akiba kwenye kabati la kufuli. Siwezi kuifungua kwa karatasi zinazobishana. Nikiuliza ipi ya kweli, nitajibiwa nini?"

"Zote mbili," alisema Mkwe.

Bwana Muhuri akafumba macho.

"Kijidudu kimejifunza kuzishinda dawa tano kwa siku nne?" daktari aliuliza. "Kimekwenda shule?"

"Hakikujifunza, daktari. Kilipewa."

"Na nani?"

Mkwe akakivuta kisahani cha pili, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. "Hawa wanene wanaoteleza, sisi hapa tunawaita Kamasi. Ndio waliokuwepo tangu Jumatatu. Lakini tazama katikati yao. Hivi vidoa vikavu, bapa. Hivi Jumatatu havikuwepo. Hiki Kikavu kimeingia kwenye kidonda baadaye, nacho pia hakifi kwa dawa zilezile tano. Zilezile, daktari! Nadhani ndicho kilichompa mwenzake."

"Unadhani."

"Kamasi wa Jumatatu nimemhifadhi kwenye friji, bado dhaifu. Nikimkutanisha leo na Kikavu, kesho asubuhi nitakuonyesha kwa macho."

Daktari alizitazama karatasi zake, akamtazama Mkwe, akazitazama tena. "Nakata kesho saa nne," alisema. "Ukiwa na kitu kabla ya saa nne, nitakitazama. Ukiwa na maneno, baki nayo." Akaondoka.

"Barua utaiandika kesho basi," alisema Bwana Muhuri kwa unyonge.


Mkwe aliwaweka wale wawili, Kamasi dhaifu na Kikavu, kwenye mchuzi mmoja wa kuoteshea ndani ya tyubu moja, akaiingiza kwenye kabati la joto, akavuka ua kwenda wodini. Swali lilibaki moja: Kikavu kimetoka wapi? Kidonda kilikuwa kimefungwa bandeji siku zote.

Alimkuta fundi amesinzia na Mama Kuku anampepea kwa jalada la faili. Akafunua shuka. Pembeni ya bandeji, palipolegea, palikuwa na doa la njano. Si njano ya usaha. Njano kali, ya unga, na Mkwe aliijua vizuri sana, kwa sababu kila asubuhi nyumbani aliiona kwenye maji ya kuku.

"Mama," alisema polepole. "Umemtia baba dawa ya kuku?"

Pepeo likasimama. "Nani? Mimi?"

"Hapa pana unga."

"Wewe!" Mama Kuku alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika vitanda vitatu. "Umekuja kwangu na sanduku moja, nikakupokea, leo unanipekua kama mwizi? Mbele ya watu? Miaka yote hii mume wangu namtunza, hukuzaliwa humu wewe, hujui hata anaumwa upande gani akilala!"

Mgonjwa wa kitanda jirani akajigeuza ili asikie vizuri. Mkwe alihisi uso unamchoma. Angeweza kumjibu, na maneno alikuwa nayo, ya miaka minne. Akayameza. "Nina masaa machache, mama," alisema. "Nisaidie tu kujua." Akarudi kazini, na njiani alilia kidogo nyuma ya tangi la maji, akanawa, akaingia.


Saa sita ilikuwa imepita kidogo pale dirisha la kupokelea sampuli lilipojaa zogo. Foleni ilikuwa ndefu, watu na vikopo vyao vya mkojo wamevifunga kwa aibu kwenye mifuko, na katikati yao karani alikuwa anapaza sauti.

"Mama, nimekuuliza sampuli ya nini?"

"Ya kijiko," ilijibu sauti ambayo Mkwe angeitambua hata chini ya maji.

"Kijiko kinaumwa nini?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mama Kuku alisimama pale macho makavu, ameshika kopo la bati na kijiko ndani ya mfuko wa plastiki, kichwani bado ana unyoya mmoja mweupe ambao hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekwenda hadi nyumbani na kurudi kwa miguu. "Niitie mkwe wangu," alisema. "Nitasimama hapa hata mkifunga."

Mkwe alimtoa kwenye foleni, akamwingiza chumba kidogo cha kuoshea vyombo. Wakatazamana.

"Ulikuwa umekaa bandani," alisema Mama Kuku, akilinyooshea kopo kidole kana kwamba ndilo lililotenda. "Namaanisha huo unga. Kopo linakaa bandani, na kijiko kinakaa hapohapo kwenye maranda, tangu zamani. Kuku akidonolewa na wenzake namwagia, kesho anapona. Nikaona mume wangu anaoza na sindano zenu hazifanyi kitu. Jumanne jioni nikalegeza bandeji, nikatia. Na Jumatano alfajiri. Si nilitaka apone? Mkwe, nimemuua?"

"Hujamuua. Bado." Mkwe alikuwa tayari amechukua kijiti cha pamba na kukipitisha kwenye kijiko, pale palipoganda kinyesi kikavu. "Mama, wale kuku unawapa dawa hata kama hawaumwi?"

"Kila siku. Ili wasiumwe. Muuzaji ndiye aliyeniambia."

"Basi sikiliza. Matumboni mwao mna vijidudu mamilioni. Ukiwamwagia dawa kila siku, walio dhaifu wanakufa, na wanaobaki ni wale wenye maelekezo ya kuishinda. Hayo maelekezo yamo kwenye kipete kidogo cha vinasaba, kando na vile ambavyo kijidudu kimezaliwa navyo. Na kijidudu hakingoji kizae ndipo kirithishe. Kikikutana na kingine kinatoa kamrija, kinakivuta karibu, kinanakili kipete chake na kukipitishia nakala. Chenyewe kinabaki na chake, na mwenzake naye sasa anacho."

Mama Kuku alikunja uso. Kisha uso ukakunjuka wote kwa pamoja. "Kama mafundi na paterni!"

"Vipi?"

"Paterni, paterni ya karatasi! Baba yako ile suruali yake ya mikunjo alipewa na fundi wa ng'ambo ya barabara. Akaichora kwenye gazeti, akamrudishia yake. Sasa wote wawili wanashona suruali moja, na mteja hajui nani alianza."

"Mama!" Mkwe alimshika mikono yote miwili bila kufikiri. "Hivyohivyo! Hivyohivyo kabisa!"

"Na hawa wawili, wa kuku na wa kidonda, ni ndugu?"

"Hata si ukoo mmoja. Kukutana tu."

"Ebo," alisema Mama Kuku. "Wakarimu kweli hao mashetani. Katika ukoo wetu mtu hakupi hata chumvi." Halafu akaona mikono yake imo mikononi mwa mkwe wake, na wala hakuitoa. "Sasa tunafanya nini?"


Hapa ndipo ningependa ungemwona yule binti akifanya kazi. Huyu aliyeitwa mbele ya wenzake kuandika barua alikuwa sasa anatembea maabarani kama mwenye nyumba. Alitayarisha visahani vitatu vya chakula kimoja cha ajabu, cha kijani. Chakula hicho Kamasi hukila, na akikila kinageuka buluu. Kikavu hakiwezi kukila hata kikifa njaa. Ndani ya chakula hicho akachanganya dawa, ileile ambayo fundi alichomwa siku nne.

"Nielekeze na mimi," alisema Bwana Muhuri, ambaye alikuwa amezunguka meza mara tatu akijifanya anatafuta kalamu.

"Cha kwanza nampaka Kamasi wa Jumatatu peke yake. Chakula anakiweza, dawa haiwezi. Atakufa, kitabaki kijani. Cha pili nampaka Kikavu peke yake. Dawa anaiweza, chakula hakiwezi. Hataota, kitabaki kijani. Cha tatu nampaka kutoka kwenye tyubu walimokutana."

"Na kikigeuka buluu…"

"Maana yake yumo humo Kamasi anayekula chakula chake na kuishi ndani ya dawa. Na hicho kitu asubuhi hakuwa nacho."

Bwana Muhuri alikuna kidevu. "Mimi nina miaka kumi na tisa hapa," alisema, "sijawahi kufanya hivi." Akasogeza kiti, akavaa glavu, akamshikia visahani. Kijiti alichokipitisha kwenye kijiko cha Mama Kuku wakakipaka kwenye kisahani kingine chenye dawa, na kando yake sahani moja wakaipaka Kamasi mpya, yule sugu wa leo asubuhi, wakapanga juu yake vipande vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, ya akiba ikiwemo. Ilipofika saa kumi na moja jioni vyote vilikuwa kwenye kabati la joto, na hapakuwa na la kufanya tena ila kungoja.


Saa moja na nusu asubuhi Mkwe alifungua kabati.

Kijani.

Kijani.

Buluu! Buluu iliyoiva, buluu ya sare ya shule siku ya kwanza, na juu yake vilima vinene vinavyoteleza vya Kamasi, wamekaa wanakunywa dawa kana kwamba ni chai. Mkwe alipiga ukelele hadi mfagizi akaangusha ndoo. Bwana Muhuri alikuja mbio na shati nusu limechomekwa. Akatazama cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Kimepewa," alisema. "Mungu wangu, kweli kimepewa!" Akavuta kisahani cha kijiko: Vikavu vimejaa tele, wazima. Akaivuta sahani ya vipande vya karatasi vyenye dawa, ambamo Kamasi mpya alikuwa ameota hadi kwenye kingo za vipande vyote, isipokuwa kimoja. Kuzunguka kipande cha dawa ya akiba palikuwa peupe, duara safi, hakuna kilichosalia.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi. "Upasuaji wa kwanza umeahirishwa," alisema. "Baba mkwe wako anaingizwa sasa hivi."

Mkwe alipanga visahani kwenye trei, akatoka mguu niponye. Alikatiza ua, akaruka mfereji, akampita mlinzi aliyempigia kelele kuhusu kitambulisho, na nyuma yake Bwana Muhuri alikuwa anakimbia kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, ameshika karatasi na muhuri.

Machela ilikuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Fundi alikuwa amelala juu yake na kofia ya plastiki, Mama Kuku ameng'ang'ania chuma cha pembeni, na daktari alikuwa anafunga barakoa.

"Bado saa mbili haijafika!" Mkwe alihema. "Ulisema nne!"

"Nionyeshe," alisema daktari.

Akaonyeshwa. Aliuliza kila kitu, na aliuliza vibaya, kama mtu anayetaka kushinda. Nitajuaje hukuchafua? Visahani viwili vya mwanzo vingechafuka pia. Nitajuaje si Kikavu kimeota? Kikavu ni kijidudu cha kuku na chakula hiki hakili, tazama cha pili. Dawa ipi inaua? Hii hapa, duara hili. Bwana Muhuri akagonga muhuri kwenye karatasi palepale juu ya godoro la machela, pa!

Daktari alishusha barakoa. "Limebaki moja. Umesema kijidudu hiki ni cha kuku. Huyu mtu amelala wodini kwangu wiki nzima, kidonda kimefungwa. Kimefikaje?"

Mkwe akatazama sakafu. Wauguzi walikuwa wanne, na mtu wa machela, na ndugu wa wagonjwa wengine kwenye benchi. Alijua jibu, na alijua jibu hilo lingefika sokoni kabla ya mayai. Alifungua mdomo aseme hajui.

"Kwa mkono wangu," alisema Mama Kuku.

Alilisema kwa ile sauti yake ya siku zote, iliyokuwa imerudi yote. "Nilimtia dawa ya kuku kwa kijiko cha bandani, mara mbili, tena kwa kificho. Mkwe wangu alijua tangu jana akanifichia. Binti hakukosea. Nimekosea mimi. Sasa mpe hiyo dawa, unisute baadaye, nitakuja mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Daktari akamgeukia muuguzi, "Lete ufunguo wa kabati la akiba. Mrudisheni wodini. Nitakisafisha kidonda, na ninampa siku mbili. Homa isiposhuka, sitasikiliza kisahani chochote."


Homa ilishuka Jumapili usiku. Jumatatu daktari alikuja, akabonyeza mguu hapa na pale, akanusa, akabonyeza tena. "Mguu ni wako, fundi," alisema. "Vidole viwili vidogo vimekufa, hivyo nitavitoa."

"Vitoe. Cherehani inataka kisigino na ukaidi."

Mkwe alicheka hadi akalazimika kukaa, kisha akachomoka kwenda kumpigia mumewe simu. Daktari naye akaenda kwa wagonjwa wengine, wakabaki wawili. Mama Kuku alikuwa amesimama mbali na kitanda, mikono ameificha nyuma, kama alivyosimama tangu Jumamosi.

"Walikuambia?" aliuliza. "Kuhusu unga?"

"Nilijua."

"Ulikuwa na homa, ulijuaje?"

"Unga ulikuwa unawasha kama pilipili. Na mkono wako ningeukosaje?"

"Sasa mbona hukunikataza, mwanamume wewe!"

Fundi alitazama dari. Kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuwa na mzaha tayari mdomoni. "Ulikuwa umenishika mguu," alisema. "Tangu mtoto aoe, wewe na kuku wako, mimi na cherehani yangu, nani alimshika mwenzake? Nikasema, acha uwashe."

Mama Kuku akapiga hatua kwenda kitandani, mikono imenyooka mbele.

"Mama!" muuguzi alipaza sauti kutoka mlangoni. "Mikono kwanza!"

Akageuka, akaenda kwenye beseni la pembeni. Alisugua kwa sabuni hadi viwikoni, ukucha mmoja baada ya mwingine, akasuuza, akasugua tena. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni wala hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa safi. Akarudi, akakaa, akamshika mguu.